Kuonekana kwenye intaneti: historia ya walioandikia mashine na walioandikia watu

Jumatano tarehe 9 mwezi wa pili 2011, saa moja ya jioni, mtu wa Marekani aliyetafuta kwa Google begi la safari la Samsonite alipewa kwanza ukurasa wa JCPenney, moja ya kampuni kubwa za maduka za nchi hiyo. JCPenney ilikuja mbele hata ya Samsonite wenyewe, wenye begi. Saa tatu ya usiku huo huo, aliyetafuta maneno yale yale aliikuta JCPenney kwenye nafasi ya 71. Kwa fanicha za sebule, ilitoka nafasi ya kwanza ikaenda ya 68. Ni masaa mawili tu.

Hakuna duka lililoungua na hakuna bei iliyopanda. Gazeti la New York Times lilikuwa limegundua kwamba maelfu ya viungo vilivyoelekea kwa JCPenney vilipandwa kwenye tovuti zisizohusika kabisa na nguo wala mabegi. Viungo hivyo havikuwekwa ili mtu avibonyeze. Viliwekwa ili mashine ya Google ivihesabu. Kampuni ilisema haikujua habari hiyo, ikaachana na wataalamu iliokuwa ikiwalipa kwa kazi ya kuiweka mbele. Lakini wafanyakazi wa Google walikuwa wameishaishusha kwa mkono.

Habari hiyo ya Marekani inawahusu pia wakaaji wa Bukavu, Goma, Uvira, Bunia na Lubumbashi. Leo redio ya mtaa, shule, kituo cha afya au ushirika wa wakulima wa kahawa ukifungua tovuti, hakukosi mtu wa kuja kusema kwamba kuna siri ya kuonekana wa kwanza, na kwamba siri hiyo ina bei yake kwa dola. Historia ya miaka zaidi ya thelathini inaonyesha thamani ya siri hizo: karibu zote ziliuzwa, zikafanya kazi kwa muda, halafu zikawaangusha walionunua.

Wakati orodha iliandikwa kwa mkono

Kutafuta kwenye mtandao kulianza kabla ya tovuti kuwepo. Mwaka 1990, Alan Emtage, kijana wa kutoka kisiwa cha Barbados aliyesoma kwenye chuo kikuu cha McGill, Montréal, alitengeneza programu iliyoitwa Archie. Archie ilikusanya majina ya mafaili yaliyowekwa wazi kwenye kompyuta za vyuo mbalimbali. Haikusoma kilichomo ndani ya faili. Ilijua jina tu, kama mtu anayejua majina ya vitabu vyote vya maktaba bila kufungua hata kimoja.

Mwaka 1991 Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyefanya kazi kwenye kituo cha utafiti cha CERN karibu na Genève, alifungulia watu wote mfumo wa kurasa zinazounganishwa kwa viungo. Tarehe 30 mwezi wa nne 1993, CERN ilitangaza kwamba kila mtu anaweza kuutumia mfumo huo bila kulipa. Kurasa zikaongezeka haraka, na shida ya kuzipata ikaongezeka pamoja nazo.

Mwaka 1994 njia mbili zilionekana. Jerry Yang na David Filo, wanafunzi wa Stanford huko California, walianza orodha ambayo baadaye iliitwa Yahoo. Katika orodha hiyo, watu walitazama tovuti na kuipanga kwenye fungu lake: michezo, afya, biashara. Mwaka huo huo Brian Pinkerton wa chuo kikuu cha Washington alifungua WebCrawler, mashine iliyosoma maneno yote ya ukurasa. Tarehe 15 mwezi wa kumi na mbili 1995 ikaja AltaVista ya kampuni ya Digital, yenye nguvu na mwendo ambao watu hawakuwa wameuona.

Tofauti ya njia hizo mbili ndiyo mwanzo wa habari yote. Orodha ya Yahoo ilipimwa na jicho la mtu, lakini watu hawakuweza kukimbia kasi ya mtandao. Mashine ilikimbia, lakini haikuelewa. Iliona neno fulani mara ngapi na mahali gani, ikapima kwa hesabu hiyo. Na penye hesabu, kuna mtu atakayejifunza kuichezea.

Maneno meupe juu ya karatasi nyeupe

Wenye tovuti waligundua upesi kwamba ukurasa wenye neno «hoteli» mara hamsini unaweza kupita ukurasa wenye neno hilo mara tano. Basi wakarudia neno. Ukurasa ulipoanza kumchosha msomaji, walificha maneno: waliandika kwa herufi nyeupe juu ya rangi nyeupe, ili mtu asione na mashine isome. Wengine waliandika majina ya waimbaji na wacheza sinema maarufu kwenye kurasa zilizouza vitu vingine kabisa.

Kulikuwa pia na sehemu iliyofichwa ndani ya ukurasa, ambapo mwenye tovuti aliorodhesha maneno makuu ya habari yake. Nia ilikuwa nzuri: kumsaidia anayetafuta. Lakini kwa kuwa msomaji hakuiona, mtu aliandika humo alichotaka bila haya. Mashine zikaacha kuiamini, moja baada ya nyingine. Mwezi wa tisa 2009, Google ilitangaza wazi kwamba haitumii sehemu hiyo kupanga matokeo. Hata hivyo, miaka mingi baadaye, bado kuna watu wanaolipisha wateja kwa kuijaza.

Aliyeumia kwanza alikuwa mtafutaji wa kawaida. Wanafunzi wawili wa Stanford, Larry Page na Sergey Brin, waliandika mwaka 1998 jinsi hali ilivyokuwa mbaya. Walisema kwamba katika mwezi wa kumi na moja 1997, kati ya mashine nne kubwa za biashara, ni moja tu iliyoweza kujipata yenyewe: ukiandika jina lake, ilijitoa kwenye matokeo kumi ya kwanza. Nyingine tatu zilishindwa kujijua.

Kiungo kikawa kama kura

Wazo la Page na Brin lilitoka kwenye desturi ya wasomi. Kitabu kinachotajwa na vitabu vingi kina uzito, na kikitajwa na kitabu chenye uzito, kinapata zaidi. Wao waliuona kila kiungo kama kura. Mtu akiweka kwenye ukurasa wake kiungo cha kwenda kwa mwingine, amesema: hapa kuna kitu cha kusoma. Mashine yao ya kwanza ilikuwa na kurasa milioni 24. Mwezi wa tisa 1998 waliandikisha kampuni, wakafanya kazi ndani ya gereji ya nyumba huko Menlo Park, wakaiita Google.

Nguvu ya wazo hilo haikuwa katika hesabu peke yake. Ilirudisha uamuzi kwa watu. Mwenye tovuti aliweza kujisifu mara mia kwenye ukurasa wake, lakini hakuweza kwa urahisi kuwalazimisha wengine wamsifu. Kwa hiyo njia ya kupanda ikawa kuandika kitu ambacho mtu mwingine anataka kumwonyesha rafiki yake.

Kwa urahisi, hakuweza. Kwa pesa, aliweza. Soko la viungo lilizaliwa. Watu walifungua makundi ya tovuti tupu zinazoelekezana, wakauza kura hizo. Wengine walimwaga viungo kwenye maoni ya wasomaji chini ya habari za watu. Kero hiyo ilizidi mpaka mwezi wa kwanza 2005 Google, Yahoo na Microsoft, ambao kwa kawaida walishindana, wakakubaliana alama moja ambayo mwenye tovuti anaweza kuiweka kwenye kiungo ili kisihesabiwe kama kura.

Kabla ya hapo, mwezi wa kumi na moja 2003, Google ilibadilisha hesabu yake kwa ghafla. Watu wa kazi hiyo waliyapa mabadiliko hayo jina la Florida. Tovuti nyingi za biashara ndogo zilizokuwa mbele kwa kurudia maneno zilipotea kwenye matokeo wiki chache kabla ya Noeli, wakati wenye maduka wanategemea mauzo ya mwaka. Kati yao walikuwamo wadanganyifu, na walikuwamo pia watu waliofuata tu mashauri waliyouziwa. Mashine haikuuliza nani alijua na nani hakujua.

Hata wakubwa hawakupona. Mwezi wa pili 2006, Google iliondoa kabisa kwenye orodha yake tovuti ya Kijerumani ya BMW. Tovuti hiyo ilikuwa na kurasa mbili kwa mlango mmoja: mashine ilionyeshwa ukurasa uliojaa maneno ya «magari yaliyotumika», na mtu aliyebonyeza alipelekwa mara moja kwenye ukurasa mwingine wenye picha nzuri na maneno machache. BMW ilitoa kurasa hizo, ikarudishwa siku chache baadaye. Kampuni ya ukubwa huo hupata wa kuisikiliza upesi. Mwenye duka dogo aliyeadhibiwa kwa kosa kama hilo aliweza kungoja miezi.

Kipofu aliyeshtaki Olimpiki

Wakati biashara zikikimbizana na mashine, kundi jingine lilikuwa likiuliza swali tofauti: je, kila mtu anaweza kuusoma ukurasa? Mwaka 1999, Bruce Maguire, Mwaustralia asiyeona, alipeleka mashtaka dhidi ya kamati iliyotayarisha Michezo ya Olimpiki ya Sydney ya mwaka 2000. Yeye alitumia chombo kinachogeuza maandishi ya kompyuta kuwa maandishi ya kugusa kwa vidole. Kwenye tovuti ya Olimpiki, sehemu muhimu zilikuwa picha bila maneno ya kuzieleza. Kwake picha hizo zilikuwa shimo tupu.

Kamati ilijibu kwamba kurekebisha kungekuwa kazi kubwa na ya gharama. Mwezi wa nane 2000, tume ya haki za binadamu ya Australia ilimpa Maguire haki, na baadaye kamati ikaamriwa kumlipa dola 20,000 za Australia. Mwaka mmoja kabla ya uamuzi huo, mwezi wa tano 1999, shirika linalosimamia kanuni za tovuti duniani lilikuwa limetoa mwongozo wa kwanza wa kurasa zinazofikiwa na watu wote: weka maneno kwenye kila picha, tumia vichwa vya habari vya kweli, andika kiungo kinachosema kinakoelekea.

Hakuna aliyeandika mwongozo huo kwa ajili ya Google. Lakini mashine ya kutafuta, kwa namna yake, ni mgeni asiyeona. Ilifika kwenye ukurasa bila macho ya kuona picha na bila mkono wa kubonyeza vitu vinavyocheza. Ilisoma maandishi, vichwa na viungo. Kwa hiyo aliyefungulia kipofu mlango, alifungulia mashine mlango huo huo bila kukusudia.

Waliojenga kwa maonyesho walipata kinyume chake. Boo.com, duka la nguo la London lililofunguliwa mwishoni mwa mwaka 1999, lilijaa picha zinazozunguka na msichana wa katuni wa kumwongoza mnunuzi. Watu wengi wakati huo walitumia laini ya simu ya nyumbani, na kurasa zilichelewa mno kufunguka. Katika mwezi wa tano 2000 duka lilifungwa, baada ya kumaliza karibu dola milioni 135 za watu waliowekeza. Uzito wa kurasa haukuwa sababu pekee, maana matumizi ya pesa yalikuwa makubwa kila upande. Lakini mteja aliyeshindwa kuingia hakuweza kununua.

Panda, Penguin na simu

Wiki mbili baada ya JCPenney kuanguka, mwezi huo huo wa pili 2011, Google ilitoa mabadiliko yaliyoitwa Panda, kwa jina la mhandisi wake mmoja. Safari hii shabaha ilikuwa maandishi yenyewe. Kulikuwa na kampuni zilizotazama maneno yanayotafutwa zaidi, zikawalipa waandishi pesa kidogo waandike haraka makala maelfu kwa maelfu, ambazo hazikumfundisha mtu kitu. Google ilisema Panda iligusa asilimia 11.8 ya maulizo ya Marekani. Tarehe 24 mwezi wa nne 2012 ikafuata Penguin, dhidi ya viungo vya kununua na maneno ya kurudiarudia.

Tarehe 21 mwezi wa nne 2015, Google ilianza kuzipa nafasi bora kwenye simu zile kurasa zinazosomeka vizuri kwenye kioo kidogo. Mwaka 2021 iliongeza kipimo cha jinsi ukurasa unavyofunguka haraka na kutulia bila kurukaruka. Mwezi wa nane 2022 ilileta hesabu ya kutafuta kama makala iliandikwa kumsaidia mtu au kuvuta mashine tu.

Ukiyapanga mabadiliko hayo yote kwa mfuatano, unaona mwelekeo mmoja. Mashine ya mwaka 1995 ilihesabu maneno. Ya mwaka 1998 ilihesabu viungo. Za baadaye zilipima simu, mwendo na faida kwa msomaji. Kila hatua ilikuwa jaribio la kukaribia jambo ambalo mtu hulijua kwa dakika moja: ukurasa huu umenisaidia au umenipotezea wakati. Aliyeandikia mashine ya mwaka fulani alilazimika kubomoa na kujenga upya ilipobadilika. Aliyeandikia mtu hakuwa na mengi ya kubomoa.

Haifai kusema kwamba kila tovuti nzuri hupanda. Tovuti za zamani na za matajiri zina kura nyingi za viungo, na mpya iliyo nzuri huweza kungoja sana. Google nayo huishi kwa matangazo, ambayo tangu mwaka 2000 hulipiwa ili yaonekane pamoja na matokeo. Page na Brin wenyewe, katika andiko lao la 1998, walionya kwamba mashine inayoishi kwa matangazo inaweza kuwaegemea wenye matangazo kuliko watafutaji. Onyo hilo bado linasomeka.

Historia hiyo inapofika Kongo

Nchi iliingia kwenye mtandao kwa jina lake la sasa mwaka 1997: Zaire ilipokuwa tena Kongo, anwani za .zr ziliacha nafasi kwa .cd. Google ilianza kutafsiri Kiswahili mwaka 2009, na Lingala mwaka 2022. Hapa msomaji wengi wao wanatumia simu, na mega wananunua kwa pesa yao. Ukurasa mzito unaomfunguka mtu wa Geneve kwa sekunde moja unaweza kumlia mtu wa Fizi mega zake kabla hajaona hata kichwa cha habari. Hatarudi tena.

Kuna pia desturi ambayo historia ya Sydney inaihukumu moja kwa moja. Tangazo la shule, la kituo cha afya au la mji huandikwa kwenye karatasi, hutiwa muhuri, hupigwa picha kwa simu, na picha hiyo peke yake ndiyo huwekwa kwenye intaneti. Asiyeona hawezi kuisoma. Mashine huisoma kwa shida. Mzazi anayetafuta tarehe ya masomo kuanza haipati, ingawa tangazo lipo. Dawa haina gharama: maneno yale yale yaandikwe chini ya picha, pamoja na jina la mji, tarehe na namba ya kupiga.

Halafu kuna lugha. Mama wa Bukavu anayetaka kujua bei ya mboga sokoni ataandika «sombe». Hataandika «kisamvu», ingawa kamusi inalijua neno hilo, na mkaaji wa Kinshasa ataandika «pondu». Tovuti ya ushirika wa wakulima inayotumia neno la ofisi peke yake imejificha mbele ya wateja wake wenyewe. Inayotumia neno la sokoni imefanya mambo mawili kwa mara moja: mtu ameielewa, na mashine imeipata, kwa sababu mashine hutafuta kile mtu alichoandika.

Ndiyo maana mtu anayekuja na siri ya kuuza anastahili kuulizwa swali moja kabla ya kupewa dola: kazi hii, msomaji ataiona na itamfaa? Kichwa kinachosema habari yenyewe, ukurasa mwepesi, maneno ya watu, picha zenye maelezo, anwani iliyo wazi: hayo yote msomaji anayaona. Maneno yaliyofichwa, viungo vya kununua na kurasa za mlango wa nyuma, haoni hata kimoja. JCPenney ilikuwa na pesa ya kupona, na BMW ilirudishwa kwa siku chache. Redio ya mtaa ikipotezwa kwa hila iliyouziwa, wasikilizaji wake watatafuta habari mahali pengine, na pengine palipo karibu ni uvumi.